Pindo la Bibi: Cherehani Iliyopona

Kitendawili. Anakimbia kutwa nzima, chumbani hatoki.

Mnaoifuata hadithi hii mmeshajibu kabla sijafunga mdomo: cherehani ya Bibi. Haya, cha pili. Anakimbia vilevile, lakini leo hana kishindo.

Mara iliyopita tuliachana hapa. Mguu wa Mshonaji uko juu ya pedali. Taa nyekundu ya studio imewaka. Wenzake wawili wameshika magitaa, na mwenye studio, Bwana Rekodi, amenyoosha kidole nyuma ya kioo.

Mshonaji akakanyaga.

Gurudumu likazunguka. Mkanda ukazunguka. Sindano ikapanda, ikashuka, ikapanda tena.

Kimya.

Akakanyaga kwa nguvu ya mtu anayeua mende. Cherehani ikateleza kama paka juu ya zulia. Ile *ku-tu-tak* iliyokuwa ikiwainua watu vitini kwa miaka mitatu haikuwepo. Katikati ya kimya hicho tumbo la Kinyozi lilinguruma, nalo likarekodiwa vizuri kabisa.

"Simamisheni!" Sauti ya Bwana Rekodi ilitoka kwenye spika iliyo juu ya mlango. "Mdundo uko wapi?"

Aliyeingia leo avute kiti, nitamweleza upesi.

Mshonaji ana duka la kushonea alilorithi kwa mtu aliye hai bado: Bibi alichoka macho, akamwachia mjukuu cherehani, kiti na nyimbo. Kinyozi ni kaka yake, duka lake liko ukuta kwa ukuta na lile la kushonea, na mdomo wake haupumziki hata wembe ukiwa shingoni mwa mtu. Fundi Redio ni kijana mrefu, mkimya, aliyekuja siku moja kurefushiwa suruali. Alimkuta Mshonaji anakanyaga pedali huku akiimba wimbo wa Bibi. Akaisahau suruali. Jioni alirudi na gitaa la umeme lililounganishwa na redio mbovu tatu.

Kinyozi hakukubali kupitwa. Alitafuta gitaa la besi lililopungukiwa waya mmoja, na hadi leo waya huo haujapatikana.

Ndivyo ilivyozaliwa bendi ya Pindo la Bibi. Nyimbo za kizee, umeme wa ujana.

Wapiga ngoma walikuja wanne. Wa kwanza alioa, wa pili aliokoka, wa tatu alisinzia katikati ya wimbo, wa nne Kinyozi alimnyoa vibaya hakurudi. Walipokwisha wote, ndipo watatu hawa wakagundua kwamba hawakuwahi kumhitaji hata mmoja. Cherehani ilikuwa inapiga yenyewe.

Akatokea Msomi mmoja mwenye miwani miwili, mmoja machoni, mwingine kichwani. Aliwasikiliza mara moja tu, akaandika gazetini kwamba mdundo wa Pindo la Bibi ni wa mababu na una miaka mia tano. Bwana Rekodi alisoma. Bwana Rekodi akawaita.

Na walikuwa wamekubaliana: sahani ya santuri isipopatikana leo, bendi inakufa leo. Fundi Redio ameitwa kazini mji wa mbali, na Jumatatu anapanda basi. Kinyozi ameapa kwamba gitaa atalitundika dukani aanikie taulo.

Jambo moja zaidi, mlishike. Mshonaji hawezi kuimba mguu ukiwa umetulia. Shuleni waliwahi kumsimamisha mbele ya darasa aimbe, akasimama weee, mpaka kengele ikalia. Mguu ukikanyaga, koo hufunguka. Mguu ukitulia, koo nalo hutia kufuli.

Sasa turudi studioni.

"Nimeuliza, mdundo uko wapi?"

Kinyozi alikisogelea kipaza sauti. "Bwana mkubwa, mdundo huu ni wa mababu. Hauji kwa kuwashiwa taa. Una aibu."

"Una aibu?"

"Ukiona sura ngeni unajificha. Tupe muda kidogo tuubembeleze."

"Gazeti lilisema una miaka mia tano."

"Ndiyo maana hausikii vizuri ukiitwa."

Nyuma ya kioo Bwana Rekodi alitazama saa. "Saa sita kamili inaingia kwaya. Sasa hivi ni tano kasorobo. Ubembelezeni."

Taa ikazimika. Mshonaji akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya cherehani. Mkanda ulikuwa mpya, unang'aa. Nati ya pedali, iliyokuwa ikicheza tangu hajazaliwa, ilikuwa imekazwa. Na palinukia mafuta ya kulainishia redio.

Akatoa kichwa taratibu. "Nani amegusa cherehani?"

Fundi Redio alitazama viatu vyake. Vilikuwa vilevile vya kila siku, lakini alivitazama kama vimewasili asubuhi hiyo.

"Mimi. Jana. Nimebadilisha mkanda, nikakaza nati, nikatia mafuta."

"Kwa nini?"

Kijana alifungua mdomo. Macho yakamkimbilia kwenye kona, yakarudi, na mdomo ukafungwa. Kwenye kona ile, chini ya ukuta uliopigiliwa trei za mayai ili sauti isivuje, alikuwa amekaa Bibi, mkoba mapajani. Hakualikwa na mtu. Alisema cherehani yake haijawahi kusafiri bila yeye, akapanda gari.

"Ilikuwa mbovu," Fundi Redio akasema.

"Mbovu! Miaka mitatu umepiga gitaa juu yake, jana ndipo umeona ni mbovu? Fundi gani wewe? Kila kinachopumua unakitia mafuta kikate roho!"

"Dada, taratibu," alisema Kinyozi, furaha imemjaa kwa kuwa si yeye anayegombezwa. "Muue baada ya saa sita."

"Na wewe funga mdomo! Na wewe," akamgeukia tena Fundi Redio, "nenda huko kazini kwako hata leo, usingoje Jumatatu."

Kijana alianza kuhesabu nyuzi za gitaa lake. Bibi naye aligundua ghafla kwamba kifungo cha mkoba wake kinahitaji kuchunguzwa kwa makini sana.

"Mkanda wa zamani uko wapi?"

"Sikuutupa. Niliuacha dirishani dukani kwako."

Mshonaji alishika kichwa. Kutoka studio mpaka dukani ni saa nzima kwenda, kurudi saa nyingine. Halafu akakumbuka jambo. "Jana nani alifunga dirisha?"

Kinyozi alianza kurudi nyuma, hatua moja, hatua ya pili, mpaka mgongo ukagusa trei za mayai.

"Kaka."

"Naam."

"Inua shati."

"Mbele ya Bibi?"

"Inua shati nimesema!"

Akainua. Suruali yake ilikuwa imeshikiliwa na kamba nyembamba ya ngozi, imezungushwa kiunoni mara mbili na kufungwa fundo la kinyozi.

"Nilijua ni takataka," alisema. "Kamba nzuri ya ngozi imelala dirishani, haina wa kuitumia. Ila ina kipande cha waya kinanichoma kitovu tangu asubuhi."

"Huo waya ndio mdundo wa mababu, mpumbavu wewe!"

Na kweli, ndio huo. Mkanda ule uliwahi kukatika zamani, mtu akauunga kwa waya. Kila waya ulipopita kwenye gurudumu, *tak*. Nati iliyolegea ikaongeza *ku-tu* yake. Basi, hiyo ndiyo miaka mia tano.

"Vua," Mshonaji akaamuru.

"Nikiuvua, suruali inakwenda nao."

"Iende."

"Mimi ni kaka yako mkubwa!"

"Mume wangu," Bibi aliita kutoka kwenye kona, maana ndivyo anavyomtania mjukuu wake huyo tangu utoto, "vua upesi. Nimekuogesha ukiwa hujajua hata kukaa. Hakuna jipya huko."

Mkanda ukavuliwa. Kinyozi akashikilia suruali kwa mikono miwili, na hapo tatizo lingine likaonekana: gitaa la besi halipigwi kwa meno. Mshonaji hakupoteza muda. Alichomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, akatia uzi, akaanza kumshonea kaka yake suruali kwenye shati, mzunguko mzima.

"Ukinichoma je?"

"Utatoa sauti ya juu. Tumekuwa tukiihitaji."

Fundi Redio alikuwa sakafuni. Alilegeza nati. Akafuta mafuta kwa shati lake mwenyewe. Akarudisha mkanda wa zamani, waya wake ukiwa juu. Aliirudishia cherehani ubovu wake mmoja mmoja, mnyonge kama daktari aliyeagizwa amrudishie mgonjwa homa.

Mshonaji alikaa. Akagusa pedali kwa ncha ya kidole cha mguu.

*Ku-tu-tak.*

"Umekuja!" Bwana Rekodi alifoka kwa furaha kwenye spika. "Msiuache uondoke!"

Taa ikawaka. Magitaa yakaingia. Na Mshonaji, mguu ukikimbia, koo likafunguka:

*Pita, sindano, pita,*
*mwenye nguo kajifungia ndani,*
*nguo yake ndiyo hii moja,*
*na wageni wamefika mlangoni.*

Wanangu, walipiga! Hakuna aliyekosea. Hata ule waya wa besi usiokuwepo ni kama ulisikika. Wimbo ulipokwisha Kinyozi alitaka kurukaruka, akakumbuka alivyoshonwa, akapiga makofi tu.

Wakaitwa upande wa pili wa kioo wasikilize, wote wanne, Bibi akiwemo. Utepe ukazungushwa.

Ubeti wa kwanza ulitoka safi. Ubeti wa pili ulipoanza, sauti nyingine ikajitokeza, ya kizee, ikiisemesha cherehani, karibu kabisa, kama mtu aliyekaa begani kwako.

*"Haya, gonga. Gonga tu. Mababu, mababu! Mababu gani? Ulikatika nikishona sare za shule za mama yao hawa wajukuu, nikakuunga kwa waya wa ndoo."*

Mshonaji aligeuka akachungulia kupitia kioo. Kule kwenye kona, juu ya mahali alipokuwa amekaa Bibi, kilining'inia kipaza sauti kilichokwisha kuwekwa kwa ajili ya kwaya. Hakuna aliyekizima.

*"Nimemwomba kijana wa watu akutengeneze, nikamwapisha asiseme ni mimi. Na kweli hasemi! Anatukanwa, ametulia kama gunia la mkaa. Huyo ndiye wa kuolewa naye, lakini mjukuu wangu macho yake yako kwenye sindano tu."*

Kinyozi alikohoa. Fundi Redio alirudi kwenye viatu vyake. Mshonaji uso ulimwaka mpaka masikioni.

"Kwa nini hukusema?" alimnong'oneza.

"Aliniapisha."

"Hata nilivyokutukana vile?"

"Hasa ulivyonitukana vile. Ningesema, ungemhamishia yeye matusi."

Bwana Rekodi alikuwa amesimamisha utepe.

"Bwana mkubwa," Kinyozi alianza, "hayo ya waya wa ndoo ni maneno ya mtu mzima tu, mababu wenyewe..."

Bwana Rekodi aliinua mkono. Akarudisha utepe. Akausikiliza tena, macho amefumba. Mara ya tatu alishusha swichi moja, ya pili, ya tatu, na bendi nzima ikafifia ikabaki mbali, kama watu wanaopiga ng'ambo ya barabara. Ikabaki sauti ya kwenye kona. Haikuwa ikiteta tena. Ilikuwa inaimba. Ilikuja nyuma ya mdundo kwa nusu hatua, bila haraka, kama mtu anayejua mlango hautafungwa kabla hajafika.

Mshonaji vinyweleo vilimsimama. Wimbo ule aliuimba kila siku. Kumbe hakuwa ameusikia tangu utotoni.

"Nani huyu?" Bwana Rekodi aliuliza.

"Bibi yetu. Alikuja kulinda cherehani."

"Wimbo ni wa nani?"

"Wa mababu," Kinyozi alijibu kwa mazoea.

"Ni wangu," alisema Bibi. "Niliutunga mteja akinigongea mlango na nguo yake bado vipande."

"Na hilo jina, Pindo la Bibi?"

"Bibi ndiye mimi. Na mimi nililiona kwenye tangazo, wamelibandika ukutani kwangu."

Bwana Rekodi alivuta droo, akatoa karatasi. Akaiweka mbele ya Bibi, si mbele ya wengine.

"Vijana, mnapiga vizuri. Wanaopiga vizuri nawaona kila wiki. Huyu sijamwona. Mimi nina wapigaji wangu, nitamwekea nyuma. Mama, sahihi ni moja tu, hapo chini."

Kinyozi alikaa chini ghafla, na nyuzi tatu zikakatika kwa pamoja.

Bendi ikafa, basi. Na haikufa kwa kukosa sahani. Imekufa sahani ikiwa mezani.

Bibi alifungua mkoba, akatoa miwani, akaisoma karatasi neno kwa neno huku midomo ikicheza. Saa ya ukutani ilionyesha sita kasoro ishirini. Kisha akainua macho.

"Miaka mitatu mnaimba nyimbo zangu. Mnakanyaga mashine yangu. Mnajiita kwa jina langu. Sina kinyongo na utunzaji wenu, kila onyesho nimewekewa kiti cha mbele, na mto wa mgongo juu. Ila nauliza. Kuna hata mmoja aliyeniuliza kama nataka kuimba?"

Mshonaji aliitafuta siku hiyo. Aliipapasa miaka mitatu kama unavyopapasa sindano iliyoanguka, kwa kiganja, ukiogopa kuipata. Hakuipata.

"Hapana, Bibi," akasema. "Sikukuuliza."

"Na mimi sikusema. Nilinuna. Nikamwambia kijana kelele zinanichosha, aikaze. Masikio yangu ni mazima. Ulikuwa wivu tu, mwanangu, wivu wa mtu mzima asiye na aibu."

"Bibi..."

"Ngoja kwanza." Alimgeukia Bwana Rekodi. "Nasaini. Lakini naimba na hawa. Na tunaurudia wimbo sasa hivi, kabla kwaya yako haijafika. Kama huwataki hawa, nakutakia kazi njema na kwaya."

Bwana Rekodi alimtazama. Akatazama kile kiuno cha Kinyozi kilichoanza kufumuka. Akapumua kwa pua.

"Utepe uliobaki ni wa mara moja. Atakayekosea amekosea. Mkiharibu, Mama, utaimba na watu wangu."

"Tumeelewana," alisema Bibi, akaweka sahihi, herufi baada ya herufi, bila haraka.

Wakarudi ndani. Mshonaji alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, akakuta kiti kina mtu.

"Bibi, hapo ni..."

"Pangu. Mguu huu ndio ulioifundisha kuchechemea. Wewe kasimame pale mbele uimbe. Mimi nakuitikia nyuma."

"Bibi, unajua siwezi kuimba nimesimama. Hata shuleni unakumbuka."

"Nakumbuka. Na mimi siwezi kukaa kimya, uliza yeyote. Nimekaa miaka mitatu."

Mshonaji alisogea mbele. Fundi Redio alikuwa anakiteremsha kipaza sauti kifike usawa wa mdomo wake. Skrubu ilimponyoka mara mbili, naye ni mtu ambaye huunganisha nyaya nyembamba kuliko unywele.

"Nisamehe," Mshonaji alisema chinichini.

"Imba kwanza."

"Na Jumatatu je?"

"Inategemea utakavyoimba."

Nje ya mlango watu walianza kukohoa na kujaribu sauti. Kwaya ilikuwa imewahi. Kinyozi alibana suruali kwa viwiko viwili, akashika besi, akafumba macho.

Taa nyekundu ikawaka.

Bibi akakanyaga. *Ku-tu-tak. Ku-tu-tak.* Gitaa likaingia. Besi ikaingia, na kiunoni uzi mmoja ukakatika, tik, ndani ya mdundo kabisa.

Mguu wa Mshonaji ulipapasa sakafu ukitafuta pedali. Ulikuta saruji.

Mzunguko wa kwanza ukapita. Wa pili ndio wake wa kuingia. Nyuma ya kioo Bwana Rekodi alitazama utepe unavyopungua, kidole kikasogea kwenye swichi ya kuzimia. Bibi hakuinua kichwa. Alikanyaga tu.

Mshonaji akafungua kinywa.

Kitendawili. Mlango uko wazi, mwenye nyumba bado hajatoka.